Mtandao tunausingizia

Mjomba aliinama katikati ya mistari ya mizabibu, akachimba kidogo kwa vidole pembeni ya mpira wa matone, akatoa udongo akaubinya. Ukabaki donge. Meseji kwenye simu yake inasema unyevu asilimia 4.

"Wanangu hebu shikeni na nyie," akasema.

Tukashika. Udongo umeloa vizuri tu.

Hapo ni Mpunguzi, Dodoma, barabara ya kwenda Iringa. Mjomba ni mjomba wa dogo mmoja fundi simu wa hapa mjini, anajifunza Python, lugha ya kuandika programu, mwenyewe usiku akishafunga kibanda, na kile kidude cha kupima unyevu kakitengeneza yeye kwa mikono yake: ESP32 ambayo ni kompyuta ya chipu moja, moduli ya SIM800L yenye laini ya simu, sola ndogo na betri. Kila dakika tano kinatuma mstari mmoja kwenda kwenye seva ndogo ya kukodi, skripti, yaani programu fupi aliyoiandika, inapokea, inaandika kwenye faili, unyevu ukishuka mjomba anapata meseji awashe pampu ya kisima.

Dogo akaangalia simu, akaangalia udongo, akasema, "Dada, ni network tu hiyo. Huku network inasumbua, data zinafika nusu."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Kila mtu anaelewa hilo jibu.

Mimi ndo likanikaa kichwani wiki kadhaa, kwa sababu lina sehemu ya kweli ndani yake na ndo maana ni gumu kuling'oa.

## Jibu linalofunga mjadala

Sisi tunaoishi huku tunajua network ikisumbua inakuwaje. Upepo wa Dodoma ukianza, umeme ukikatika, bando likiisha katikati ya kazi, ukienda nje kidogo ya mji mnara unakuwa mmoja na uko mbali. Kwa hiyo mtu akisema ni network hakuna anayeuliza swali la pili, na hapo ndo shida inapoanzia, maana swali la pili ndo lenye faida.

Na sio kwamba dogo mvivu. Huyu ni mtu aliyehangaika na skripti yake mpaka usiku wa manane. Mwanzo aliifunga kwenye 127.0.0.1 kwa hiyo ikawa inasikiliza maongezi yake yenyewe tu, akabadilisha ikawa 0.0.0.0, isikilize na wa nje. Akajaribu kupokea kwenye laptopu iliyounganishwa na hotspoti ya simu, ikashindikana kabisa kwa sababu kampuni za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna mtu wa nje anayeweza kukupigia moja kwa moja, ndo akakodi seva. Akafungua poti kwenye fayawoli. Yote hayo aliyatatua peke yake. Sasa mtu wa namna hiyo akifika mahali akasimama na kusema "ni network", ujue kuna kitu alichofundishwa kinamwambia asiendelee.

Mi nilitaka kujua ni kitu gani.

## Ile 1 iko wapi?

Skripti yake, sehemu ya kupokea, ilikuwa hivi (recv ndo amri ya kuchota kilichofika):

```
while True:
    data = conn.recv(1024)
    sehemu = data.decode().split(",")
    try:
        hifadhi(sehemu[0], float(sehemu[1]), float(sehemu[2]))
    except:
        pass
```

Mstari unaotumwa ni jina la kituo, joto, unyevu. Kwa mfano SHB1,27.5,41 halafu mstari mpya. Fupi, hauzidi baiti kumi na kitu.

Nilimwomba asirekebishe chochote kwanza, aongeze tu kuchapisha alichopokea kikiwa kibichi kabla hakijaguswa, yaani print(repr(data)), pamoja na saa. Tukaiacha ikae. Baada ya muda kwenye teminali zikatoka hizi mbili, zimefuatana, kati yao haipiti hata sekunde mbili:

```
b'SHB1,27.5,4'
b'1\n'
```

Dogo akasema, "Si unaona, imefika nusu."

Nikamuuliza, na hiyo ya chini ni nini?

Akakaa kimya kidogo. "Ni moja."

Moja ya nini?

Hapo ndo akaanza kuinama kwenye skrini. Moja ya arobaini na moja. Imefika. Haijapotea, haijaharibika, haijatangulia mbele ya nne, imekuja mahali pake kabisa baada ya nne na kabla ya mstari mpya. Kama ingekuwa network inakula data, ingepotea. Isingekufikia sekunde moja baadaye kwa mpangilio sahihi.

Kwa maoni yangu hapa ndo penye somo zima, zaidi ya marekebisho yenyewe. Ukishaona kipande cha pili, maelezo ya "data zinafika nusu" yanakufa, kwa sababu zimefika zote. Aliyezisoma ndiye aliyesoma nusu akaondoka.

## Waliojua mtandao ni mbovu

Kuna kitu huwa kinanigusa kila nikikifikiria. TCP, yaani ule utaratibu unaosafirisha data kati ya kidude na seva, haikutungwa na watu waliokuwa na intaneti nzuri. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha wazo lao Mei 1974, wakati kuunganisha mitandao ya aina tofauti bado ni ndoto, na Kahn kichwani alikuwa na mitandao ya redio, ile inayokatika ukipita chini ya daraja. Tarehe 22 Novemba 1977 wakafanya jaribio kubwa: gari linatembea barabara kuu ya eneo la San Francisco, ndani lina mtambo wa redio unatuma pakiti, yaani vipande vya data, pakiti zinapita kwenye mitandao mitatu, ya redio, ya setilaiti, na ARPANET, ule mtandao wa utafiti wa Marekani uliotangulia intaneti, na zinafika.

Gari linatembea, redio inakatika, setilaiti iko juu huko, na zinafika.

Kwa hiyo ukiniambia TCP imeshindwa na mnara wa Mpunguzi, nakuwa mgumu kukubali. Kushughulika na pakiti zinazopotea ndo kazi iliyoajiriwa kuifanya. Kila baiti ina namba yake. Upande wa pili unajibu "nimepokea mpaka hapa". Isipojibiwa inatumwa tena. Zikifika zimepishana, zile za mbele zinashikiliwa mpaka pengo lizibwe, ndo unakabidhiwa. Maelezo rasmi ya Septemba 1981, RFC 793, yanasema hivyo, na yalipoandikwa upya Agosti 2022 kuwa RFC 9293 msingi huo haukuguswa.

Ila kuna kitu kimoja haikuahidi, na hakuna mahali imewahi kukiahidi: kwamba ulichotuma mara moja kitapokelewa mara moja.

TCP haijui mstari wako ni nini. Haijui ujumbe unaanzia wapi na kuishia wapi. Inachojua ni mfululizo wa baiti tu. Ukimwaga ndoo mbili kwenye bomba, anayekinga upande wa pili hawezi kukuambia ndoo ya kwanza iliishia wapi, anaona maji. Hiyo recv(1024) watu wengi wanaisoma kama "niletee ujumbe, usizidi 1024", kumbe maana yake ni "nipe chochote kilichopo sasa hivi, hata baiti moja, mwisho 1024".

Mipaka ni kazi yako wewe mwandishi wa programu. Unaiweka mwenyewe wakati wa kutuma na unaitafuta mwenyewe wakati wa kupokea.

## Mbona nyumbani ilikuwa inafanya kazi?

Ndo swali dogo aliloniuliza, na ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye vyeti.

Alipokuwa anajaribu, kitumaji na kipokeaji vyote vilikuwa kwenye laptopu yake. Kitumaji kinarusha mstari mzima kwa pigo moja, unapita ndani ya kompyuta hiyohiyo ambako kwenye Linux pakiti moja inaruhusiwa kubeba hadi baiti 65,536, na kipokeaji kiko pale kinasubiri. Mstari wa baiti kumi na kitu utafika mzima mara mia, mara elfu. Utaapa kabisa kwamba recv moja ni ujumbe mmoja.

Shambani mambo ni mengine. ESP32 inaongea na ile moduli ya simu kwa waya, herufi moja baada ya nyingine, na moduli inakusanya zinazoingia halafu muda wake wa kusubiri ukiisha inatuma ilichonacho, mstari uwe umeisha au haujaisha, wala haijali. Ikitokea muda umeisha kati ya 4 na 1, ndo hivyo. Halafu mawasiliano yakikatika kidogo, vipimo vinajipanga foleni kwenye kidude, yakirudi vinatoka kwa pamoja vimeshikana, mistari miwili mitatu kwenye recv moja.

Kwa hiyo network mbovu ilihusika, hilo sikatai. Ilihusika kuonyesha kosa lililokuwepo tangu siku ya kwanza mezani.

Na hapa nina neno na wanaofundisha. Mifano mingi ya soketi, yaani mlango wa programu kwenye mtandao, tunayowapa watoto ina recv moja, inachapisha, inafunga, basi, na hakuna hata sentensi moja ya kusema hii inafanya kazi kwa bahati. Mtu anaenda nayo hivyo hivyo mpaka shambani kwa mjomba wake.

## Nusu ya namba bado ni namba

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Skripti ikigoma kabisa, una bahati, utajua. Hii haikugoma.

Angalia tena. Kipande cha kwanza, SHB1,27.5,4, kina sehemu tatu kamili, joto ni sahihi, unyevu ni namba halali. Kinapita kila ukaguzi. Kinahifadhiwa. Kipande cha pili, ile 1 peke yake, hakina sehemu tatu, kinaleta hitilafu, halafu except: pass inaimeza kimyakimya. Yaani ile hitilafu moja ambayo ingekuja kumwambia dogo "kaka kuna kitu hakipo sawa hapa" ndo ilizibwa mdomo.

Na ile mistari iliyoshikana? Ukiigawa kwa mkato, sehemu ya tatu inakuwa 41, mstari mpya, SHB1, vyote kwa pamoja. Sio namba. Hitilafu. Pass. Vipimo vyote vimeondoka, na kwenye chati linabaki pengo ambalo kila mtu analitazama na kusema, ah, network.

Nilimwambia dogo kitu cha kwanza kufuta kwenye hiyo programu ni yale maneno mawili. Andika hitilafu kwenye logi, andika na kilichoisababisha. Mjomba anaamka alfajiri anawasha pampu ya dizeli kwa kuamini asilimia 4, na mvua yenyewe huku ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, maji ya kisima ni hela. Mtu anayeamini namba yako hadi anatoa hela mfukoni anastahili programu inayopiga kelele ikichanganyikiwa.

## Tulichobadilisha

```
bafa = b""
while True:
    kipande = conn.recv(4096)
    if not kipande:
        break
    bafa += kipande
    while b"\n" in bafa:
        mstari, bafa = bafa.split(b"\n", 1)
        shughulikia(mstari.decode("utf-8"))
```

Ni fupi. Chochote kinachokuja kinaingia kwenye bafa kwanza, yaani mahali pa kuhifadhia kwa muda. Hakuna kinachoguswa mpaka alama ya mstari mpya ionekane. Ikiwa mistari mitatu imeshikana, inatoka mmoja mmoja. Ikiwa ni nusu, inakaa inasubiri mwenzake.

Kuna mawili ya kuangalia humo. Kwanza, decode, yaani kugeuza baiti kuwa maandishi, inafanyika mstari ukishakamilika, sio kwenye kipande, maana siku dogo akiamua kutuma alama ya nyuzi ° hiyo kwenye UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti mbili, na zikigawanyika njiani decode inagoma. Pili, mawasiliano yakikatika katikati ya mstari, kile kipande kilichobaki kwenye bafa hakina mwisho, kwa hiyo hakihifadhiwi kamwe. Hili ndo jambo pekee ambalo network inaweza kukufanyia, kukata mkia. Katikati haitoboi. Na ukiwa na alama ya mwisho, mkia uliokatika unautambua.

Ile `if not kipande` nayo ilikuwa haipo. Upande wa pili ukifunga, recv inarudisha utupu, na itaendelea kurudisha utupu bila kusubiri milele. Skripti ya mwanzo ilikuwa inazunguka hapo kwa kasi, hitilafu, pass, hitilafu, pass, na dogo alishaona seva yake inakula prosesa asilimia 100 akadhani amekodi seva dhaifu. Akawa anaiua na kuiwasha upya, inamwambia anwani inatumika tayari, anasubiri kama dakika moja, anawasha tena. Hiyo inatibiwa na SO_REUSEADDR, ruhusa ya kutumia tena anwani, kabla ya bind, pale skripti inapoishika anwani, mstari mmoja, tusipoteze muda hapo.

## Ukimya

Nilidhani tumemaliza, halafu siku moja betri ya shambani ikaisha usiku, sola ikaijaza asubuhi, kidude kikawaka, kikasema kimeunganishwa, kikatuma, na kwenye faili hakuna kitu.

Hii ilinichukua muda kuitafakari maana kidude hakikudanganya. Kilipozimika ghafla hakikuaga, kwa hiyo seva haikujua, ikabaki kwenye recv ya muunganisho wa zamani inasubiri baiti ambazo haziji. Kilipowaka kikapiga upya. Na mfumo endeshi wa seva ukapokea, ukakamilisha salamu zote tatu za kuanzisha muunganisho, ukapokea na data, ukajibu "nimepata", vyote hivyo bila skripti kuhusika, kwa sababu foleni ya listen, ya wanaosubiri kupokelewa, ndo inavyofanya kazi. Skripti haijafika kwenye accept, amri ya kumpokea aliyepiga. Iko kwa marehemu.

Kwa hiyo "nimepata" ya TCP maana yake ni baiti zimefika kwenye kompyuta ile. Haimaanishi programu imezisoma, wala zimeandikwa kwenye diski.

Kuna kitu kinaitwa keepalive, cha kuulizia kama mwenzako bado yupo, ila lazima ukiwashe, na kwenye Linux kwa kawaida kinasubiri sekunde 7,200 kabla ya kugonga mlango mara ya kwanza. Saa mbili nzima. Tukaweka settimeout, kikomo cha kusubiri, ya dakika kumi na tano, maana kipimo kinakuja kila dakika tano, na kila muunganisho tukaupa uzi wake ili mmoja asizuie wengine. Halafu seva ikishaandika kwenye faili inarudisha neno SAWA na mstari mpya, na kidude hakifuti kipimo kwenye foleni yake mpaka kilisome hilo neno. Neno likipotea kipimo kitatumwa mara mbili, kwa hiyo kila mstari sasa una namba yake na seva inaruka iliyokwisha kuiandika.

Dogo alipenda hilo la SAWA kuliko yote. Nadhani ni kwa sababu lilimwonyesha kwamba uhakika anaoutaka lazima autengeneze yeye juu ya ule aliopewa.

Tukaandika na kitumaji cha kujaribia, cha makusudi kabisa: kinatuma mstari baiti moja moja na kupumzika kati yake, halafu kinashikanisha mistari kumi kwa pigo moja, halafu kinakata katikati. Skripti ikipita hapo ndo inaruhusiwa kwenda kwa mjomba.

## Na zile za zamani?

Kimebaki kile kilichokwishaandikwa kwenye faili kabla.

Dogo alitaka kufuta kila unyevu ulio chini ya 10. Nikasita, maana Oktoba kwenye kona ambayo mpira wa matone haufiki udongo unaweza kushuka kweli hadi hapo, na ukifuta unafuta na ukweli. Tukakaa tukaifikiria vizuri. Kipimo kinatuma namba nzima, na 100 hakijawahi kufika. Kwa hiyo yenye tarakimu mbili haiwezi kuwa nusu ya kitu kingine, hizo ni salama zote. Yenye tarakimu moja ndo ina shaka, inaweza kuwa 4 ya kweli au 41 iliyokatika. Hizo tukaziwekea safu yake, shaka, na kwenye chati ya mjomba hazionekani, ila kwenye faili zipo.

Halafu tukakuta vituo ambavyo havijawahi kuwepo. Kituo B1. Kituo 1. Tulivicheka kidogo mpaka tukaelewa: mstari ulikatika ndani ya jina, kipande cha kwanza kikamezwa, cha pili kikabaki na sehemu tatu kamili kikahifadhiwa kwa jina pungufu. Joto na unyevu wake ni sahihi kabisa. Kituo kilikuwa kimoja tu shamba zima, kwa hiyo tukavirudishia jina, na mapengo kadhaa kwenye chati yakajaa.

Wiki ijayo kinaingia kituo cha pili, SHB2, upande wa chini karibu na kisima. Kwa sasa kiko mezani kwenye kibanda cha dogo, na skripti yake mpya inalishwa baiti moja moja.